Uzi: Protini ndogo za kubuni dhidi ya sumu za bakteria. Zishike wapi, na zifike lini?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kazi yangu ni kubuni protini kwa kompyuta, kisha kwenda maabara kuona kama nilichokichora kinafanya nilichokusudia. Kila nikimweleza mtu, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwa hiyo hizo protini zinaua bakteria?" Haziui. Hazimgusi bakteria hata kidogo. Zinaishika sumu yake kabla haijaingia kwenye seli, basi. Nimeona wengi, hata waliosoma baiolojia, wakilichukulia hilo kuwa jambo dogo, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Chukueni dondakoo. Bakteria wake hukaa kooni, lakini sumu yake husafiri na damu hadi kwenye moyo na neva. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba molekuli moja tu ya kile kipande cha sumu chenye makali, ikifika ndani ya seli, inatosha kuiua. Kipande hicho ni kimeng'enya. Kikishaharibu kiungo kimoja cha mashine ya kuunda protini hakichoki, kinakwenda kwenye kingine, na kingine, hadi seli nzima inasimama. Pepopunda nayo inaweza kuanzia kwenye kidonda ambacho mwenyewe ameshakisahau. Botulizimu ya chakula, yaani kupooza kunakoletwa na sumu ya botulinamu, ndiyo inayonigusa zaidi: mtu humeza sumu iliyokwisha kutengenezwa, bakteria wenyewe hawahitajiki tena. Hapo antibiotiki itaua nini?

Yako hata maambukizi ambayo antibiotiki huweza kuyazidisha. E. coli O157:H7, bakteria wa kuharisha damu, hubeba jeni ya sumu ya Shiga ndani ya virusi vilivyolala kwenye DNA yake. Baadhi ya antibiotiki humshtua bakteria, virusi vikaamka, na sumu ikamwagika kwa wingi kuliko mwanzo.

Wazo la kuishughulikia sumu badala ya mwenye sumu si geni. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mnyama mwingine, na dondakoo ikafuata njia hiyo hiyo. Baadaye farasi ndio waliotumika kutoa seramu kwa wingi. Behring alipewa tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya tiba, mwaka 1901. Seramu ya farasi iliokoa watoto wengi mno, lakini ilikuja na shida yake: mwili wa mgonjwa huzitambua protini za farasi kuwa ngeni, na wengine hupata homa, vipele na maumivu ya viungo siku kadhaa baadaye. Dawa ya botulizimu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, inayozuia aina zote saba za sumu hiyo, bado hutoka kwa farasi.

Sasa turudi kwenye sumu yenyewe, maana hapa ndipo ubunifu unapoanzia. Sumu ya botulinamu ina uzito wa kilodaltoni 150 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) na imegawanyika katika sehemu tatu zenye kazi tatu. Sehemu ya kwanza ni mkono unaobisha hodi: hushika vipokezi vilivyo kwenye ncha ya neva. Neva inaidhani ni mgeni wa kawaida, inaimeza ndani ya kifuko. Kifuko kikishakuwa na asidi, sehemu ya pili hutoboa utando wake na kuipitisha ya tatu. Hiyo ya tatu ni mkasi. Hukata protini zinazoiwezesha neva kuachilia ujumbe wake kwa msuli, na msuli unalegea, hata wa kupumulia.

Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kuishika. Mkasi uko ndani ya seli, na protini uliyoidunga kwenye damu haina njia ya kuufuata huko. Kitoboa utando kinaweza kushikwa kikiwa bado nje, ila baadhi ya sumu hukificha hadi zikutane na asidi. Mkono wa hodi uko nje, uko wazi, na bila huo sumu haina mlango. Ukiuliza mbuni yeyote ataanzia hapo.

Protini ya kuushika haihitaji kuwa kubwa. Kingamwili kamili ina uzito wa kilodaltoni 150, sawa na sumu yenyewe. Hizi tunazobuni huwa na amino asidi, yaani matofali ya protini, 40 hadi 65 tu, kilodaltoni tano hadi saba hivi. Nyingi ni vipande vitatu vilivyojiviringa kama springi na kulazwa kando kwa kando, upande mmoja ukichongwa uendane na uso wa sumu kama kiganja na mpini. Udogo huo una faida nyingi. Bakteria wa kawaida wa maabara huzitengeneza bila taabu, na nyingine unaweza kuziunda kwa kemia tupu. Nyingi hukaribia nyuzijoto 95 bila kufunguka. Kingamwili ukiipeleka huko inaganda kama ute wa yai.

Ushahidi ulionivuta kwenye fani hii ni wa mwaka 2017. Kundi la David Baker, mbuni wa protini wa Chuo Kikuu cha Washington, na wenzao walibuni protini 22,660 zenye amino asidi 37 hadi 43, zikilenga vitu viwili: protini ya juu ya kirusi cha mafua na sumu ya botulinamu aina B. Wakazijaribu zote kwa pamoja, na 2,618 zikashika kwa nguvu. Zile za botulinamu zilizuia sumu isiingie kwenye seli za neva zilizokuzwa maabara. Kabla ya hapo niliamini kubuni protini ni kazi ya kuchora kimoja kimoja kwa miaka.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, nimekusoma vizuri. Ila hizo elfu ishirini na mbili walizijaribuje "kwa pamoja"? Mtu hawezi kushika mirija elfu ishirini na mbili.

Mleta uzi

Kwa hamira. Unaagiza vipande vya DNA, kila kimoja kikibeba maelekezo ya protini moja, unaviingiza kwenye hamira. Kila seli ya hamira inaivaa protini yake nje ya ukuta wake, kama beji. Kisha unaichanganya hamira yote na kipande cha sumu kilichofungwa rangi inayong'aa. Nasema kipande: mkono wa hodi peke yake, bila mkasi, hauna madhara, na kazi hii hufanyika hivyo makusudi. Mashine inapitisha seli moja moja mbele ya mwanga na kuzitenga zinazong'aa. Mwisho unasoma DNA ya zilizotengwa ili ujue ni nani aliyeshika. Ni siku chache za kazi.

Siku hizi idadi imeshuka sana. Mwaka 2022 kundi hilo hilo lilionyesha unaweza kubuni kwa kutumia umbo la lengo pekee, bila kuiga kingamwili yoyote iliyopo, na walifaulu kwa malengo 12. Lakini kila lengo lilidai kujaribu maelfu kwa maelfu, kuanzia 15,000. Mwaka mmoja baadaye ikaja RFdiffusion, modeli ya akili mnemba inayoanza na vumbi la atomu zilizotawanyika na kulisafisha hatua kwa hatua hadi mgongo wa protini unajitokeza juu ya lengo ulilolichagua. ProteinMPNN inaujazia mgongo huo amino asidi. AlphaFold2, programu ya kutabiri umbo la protini, inaulizwa: je, mfuatano huu ukiachwa wenyewe utajikunja hivi, na utakaa hapa? Zinazokataliwa hazifiki maabara. Kwa njia hiyo walijaribu protini zisizofika mia kwa kila lengo, na karibu moja kati ya tano ilishika, ingawa kigezo chao cha kushika kilikuwa chepesi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2024 ilienda kwa Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper walioongoza kazi ya AlphaFold2, kwa kazi za mkondo huu.

Mchangiaji wa 3

Mimi niko upande wa wodi, si maabara. Naomba niseme jambo kwa heshima zote. Mgonjwa wa botulizimu haji akiwa na sumu inayoelea kwenye damu akisubiri kuokolewa. Anakuja kope zimeshuka, anaona vitu viwili viwili, hawezi kumeza. Wakati huo mkasi wako umeshaingia ndani. Sasa hiyo protini yako nzuri inayoshika mkono wa hodi itamsaidia nini?

Mleta uzi

Daktari, ahsante. Hili ndilo swali la uzi mzima, na ndiyo sababu nimeandika "zifike lini" pale juu.

Ulichosema ni kweli. Mkasi wa aina A unaweza kuendelea kukata ndani ya neva kwa miezi. Antitoksini ya farasi, yaani ile dawa ya seramu, ina kikomo hicho hicho: haimrudishi mgonjwa alikotoka, inazuia kiasi kilichobaki kwenye damu kisiingie kwenye neva nyingine. Ndiyo maana huwa mnaambiwa msisubiri majibu ya maabara, toeni mara tu mnaposhuku. Protini yangu haiwezi kuvuka mpaka ambao kingamwili haivuki. Inachoweza ni kupunguza muda kati ya kushuku na kudunga. Kitu kinachovumilia joto, kinachoweza kukaa kikiwa unga mkavu bila jokofu, kinaweza kukaa karibu zaidi na mgonjwa. Na kwa kuwa hakitoki kwa farasi, mtu hasiti kukitoa kwa hofu ya mzio wa seramu.

Ninaposoma utafiti mpya wa aina hii naangalia kitu kimoja kwanza: panya walipewa kipi mwanzo? Wakichanganya sumu na protini kwenye mrija mmoja, wakasubiri, ndipo wakadunga, hilo ni jaribio la kushikana tu. Wakitoa sumu kwanza na protini baadaye, hapo natulia nasoma kila mstari. Mfano mzuri hautoki kwa bakteria bali kwa nyoka: Januari 2025 walichapisha protini za kubuni dhidi ya sumu za neva za jamii ya koboko na swila, na panya waliokwisha kudungwa sumu inayoua waliokolewa na protini iliyofuata baadaye.

Mchangiaji wa 3

Hapo tumeelewana. Na figo? Kilodaltoni sita hazikai kwenye damu.

Mleta uzi

Hazikai. Kichujio cha figo huruhusu kwa urahisi vitu vilivyo chini ya kilodaltoni 60 hivi, kwa hiyo protini tupu ya kilodaltoni sita inaondoka upesi sana. Kingamwili hukaa wiki tatu kwa sababu ni kubwa na kwa sababu seli zina kipokezi kinachoiokoa isimeng'enywe. Wabuni huziba pengo hilo kwa kuiunganisha protini na mkia wa kingamwili, au kuipa kipande cha pili kinachoshika albumini ya damu, au kuivisha minyororo ya polima. Kila nyongeza inakula sehemu ya ile faida ya udogo. Kwa sumu iliyomezwa mara moja unaweza kukubali muda mfupi. Kwa kidonda kinachoendelea kutoa sumu, huwezi.

Mchangiaji wa 4

Kuna mahali ambapo hamhitaji damu kabisa: utumbo. Nimemuuguza mzazi wangu Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha, ikimrudia mara tatu baada ya antibiotiki. Kila tukidhani imeisha, inaanza upya. Je, hizi zinaweza kumezwa?

Mleta uzi

Pole sana kwa hayo uliyoyapitia. Kwangu mimi hapo ndipo zina nafasi kubwa kuliko popote pengine.

C. difficile hutoa sumu mbili kubwa sana, TcdA na TcdB, kila moja ikipita kilodaltoni 250. Zikiingia kwenye seli za ukuta wa utumbo huzifunga swichi zinazoshikilia mifupa ya ndani ya seli, seli inajikunja ikawa duara na kuachana na jirani yake, ukuta unavuja. Antibiotiki inaua bakteria pamoja na majirani wake wema, na mbegu zake zinabaki zikisubiri nafasi. Ukiizuia sumu bila kuwagusa majirani, utumbo unapata muda wa kujijenga.

Wazo hilo lilishathibitishwa kwa kingamwili. Bezlotoxumab, inayoishika TcdB, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 ili kupunguza ugonjwa kurudi, na kwa wengine ilisaidia. Ilidungwa kwenye mshipa, maana yake ilibidi ivuje kutoka kwenye damu hadi utumboni. Mtengenezaji aliiondoa sokoni mwanzoni mwa 2025. Liliniuma, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa ushahidi hai wa hoja yetu.

Protini ndogo iliyokazwa vizuri inaweza kuvumilia asidi ya tumbo na vimeng'enya vinavyokata protini. Si kila moja. Lazima uibuni kwa ajili hiyo, uondoe sehemu zilizo wazi ambazo tripsini, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, inapenda kukata, na uijaribu kwenye maji ya utumbo yenyewe. Tayari zipo protini zilizobuniwa dhidi ya TcdB na dhidi ya jamaa yake TcsL ya Paeniclostridium sordellii. Ugumu ni kwamba TcdB haibishi hodi kwenye mlango mmoja. Aina nyingi hutumia kipokezi cha Frizzled, pia CSPG4, na baadhi ya aina zimeiacha Frizzled na kushika kipokezi kingine, TFPI. Ukiuziba mlango mmoja, inao mwingine. Kwa hiyo unabuni mbili au tatu, kila moja na mahali pake, unazifunga kwa uzi mmoja wa amino asidi.

Mchangiaji wa 5

Na usugu? Bakteria si watabadilisha sumu?

Mleta uzi

Shinikizo ni dogo kuliko la antibiotiki, kwa kuwa bakteria hafi kwa kushikwa sumu yake. Ila sumu tayari zina aina nyingi kabla hatujaanza, kama nilivyosema kwa TcdB, na botulinamu aina A peke yake ina vikundi vidogo kadhaa. Kinga bora ni kushika palepale kipokezi kinaposhika. Sumu ikibadilisha hapo ili itukwepe, inahatarisha kupoteza mlango wake yenyewe.

Mchangiaji wa 6

Mimi ni mwanafunzi, nina kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Naweza kuanza? Na je, zana hizi hizi haziwezi kutumiwa kutengeneza sumu?

Mleta uzi

Naanza na la pili kwa sababu ni zito. Ndiyo, watu wa fani hii wanalichukulia kwa uzito, na Machi 2024 wabuni wengi wa protini walitia saini ahadi za pamoja, mojawapo ikiwa kuagiza DNA kwa makampuni yanayokagua maagizo tu. Wewe usiguse sumu kamili kamwe. Huihitaji.

La kwanza: naam, RFdiffusion, ProteinMPNN na BindCraft, programu nyingine ya kubuni protini za kushika, zinapatikana bure. Lakini ngoja nikueleze kosa langu la kwanza. Nilichagua mahali pa kushika kwa kuangalia alama za kompyuta tu, nikaagiza, na protini moja ikang'aa kuliko zote kwenye hamira. Nilifurahi wiki nzima. Kisha mwenzangu akaijaribu dhidi ya protini nyingine isiyohusiana kabisa, ikang'aa vile vile. Uso wake ulijaa amino asidi za mafuta, yaani zinazokwepa maji, ilikuwa inanata kwenye kila kitu. Tangu siku hiyo sitoi matokeo bila vipimo viwili: lengo lisilohusika, na protini ile ile ikiwa nimeharibu amino asidi moja muhimu ya katikati ya mguso. Kama bado inashika baada ya kuharibiwa, haikuwa inashika pale ulipodhani.

Kosa la pili ni la wengi: protini inashika kweli, kwa nguvu ya pikomola, yaani mshiko mkali sana, lakini upande wa mgongo wa sumu. Sumu inaingia kwenye seli ikiwa imeibeba.

Mchangiaji wa 7

Naomba kuongeza. Umezungumzia sumu za mkono mmoja. Kipindupindu je? Ile ina mikono mitano.

Mleta uzi

Hapo umegusa ninachokipenda. Sumu ya kipindupindu ina duara la vipande vitano, kila kimoja kikishika sukari ya GM1 kwenye seli. Shiga nayo ni tano, kwa sukari ya Gb3. Kwa Shiga kila mshiko peke yake ni dhaifu, na kwa zote mbili nguvu kubwa inatokana na kushika kwa pamoja. Kwa hiyo kuziba mmoja hakutoshi. Unabuni protini yenye ulinganifu wa tano, duara linalokaa uso kwa uso na duara la sumu na kuziba yote mara moja. Kubuni maduara yenye ulinganifu ni jambo ambalo programu hizi zinalifanya vizuri.

Kimeta kinafundisha njia nyingine tofauti kabisa. Kipande chake kiitwacho PA hujipanga saba saba kuwa bomba la kupitishia sumu. Mwaka 2001 kundi la John Collier lilionyesha kwamba PA iliyoharibiwa kidogo tu, ikijichanganya na nzima, inaliharibu bomba zima. Mmoja mbovu kati ya saba anatosha. Hawakuziba mkono; waliingiza fundi mbaya ndani ya kikosi cha adui. Nadhani wabuni wa protini ndogo hawajaitumia hoja hiyo ipasavyo, kwa sababu sote tumezoea kufikiria kuziba tu.

Mchangiaji wa 6

Basi nianze na lipi? Nielekeze nianze leo.

Mleta uzi

Anza na mkono wa hodi wa botulinamu aina B. Umbo lake likiwa limeshika kipokezi chake, sinaptotagmini, limo kwenye hazina ya wazi ya maumbo ya protini, huhitaji ruhusa ya mtu. Lifungue, tafuta amino asidi za sumu zinazogusa kipokezi, ziandike. Usifungue programu ya kubuni bado. Zitazame kwa siku mbili: zipi ni za mafuta, zipi zina chaji, zipi zimejificha kwenye shimo. Kisha tuma orodha yako hapa na uniambie ungeshika wapi na kwa nini. Tutaanzia hapo.